UZI: Abiria wa meli ya watalii ana siku moja tu Unguja. Ratiba ipi inawezekana, na ipi itamwachisha meli?

Mtembezi_Shangani (mwanzisha uzi)

Wadau, msimu wa meli kubwa unakaribia na maswali ni yale yale kila mwaka, basi tuyaweke mahali pamoja. Meli inatia nanga Unguja asubuhi, inang'oa jioni. Abiria anataka viungo, kima punju, kobe wa kisiwa cha Changuu, fungu la mchanga la Nakupenda, Mji Mkongwe, halafu aoge ufukweni na ale pweza wa nazi. Kwenye karatasi ya meli anaona muda wa saa nane na nusu kwa jumla. Naomba hesabu za watu wa kazi: muda wenyewe ni kiasi gani, nini kinakaa na nini, na mambo huharibikia wapi.

Naanza na Mji Mkongwe kwa sababu ndio mwepesi. Toka geti la bandari pale Malindi, pita Dispensari ya zamani yenye roshani za mbao, Forodhani, Ngome Kongwe, ingia Shangani, zunguka Hurumzi, tokea Darajani, malizia Mkunazini kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa (soko lilifungwa 1873), kisha rudi Malindi. Ni kilomita tatu hivi. Kwa miguu ya mtu mzima mwenye kamera ni saa mbili na nusu, si saa moja kama wengine wanavyouza. Beit al-Ajaib ionesheni kwa nje tu. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na mgeni aliyesoma kitabu cha zamani atakuuliza mbona haingii.

---

Bint_Malindi

Hizo saa nane na nusu zisahau. Tuchukue meli iliyotia nanga saa mbili asubuhi. Afya ya bandari, uhamiaji na forodha wanapanda kwanza, makaratasi yanakula nusu saa mpaka saa nzima. Ikiwa meli haikupata gati, na gati letu linagombaniwa na meli za makontena, watu wanashushwa kwa boti za meli yenyewe, zile zile za uokoaji zinazoning'inia ubavuni. Boti moja inabeba watu mia hivi, na wenye ziara walizonunua melini hushuka kwanza. Aliyepanga na mtu wa nje anapewa karatasi ya namba, anasubiri ukumbini. Mguu wake unagusa gati saa tatu na nusu, pengine saa nne.

Upande wa jioni nako kunakatwa. Meli ikiondoka saa kumi na moja, boti ya mwisho inatoka gatini kama saa kumi na nusu. Foleni ya kuingia botini, ukaguzi wa mifuko na kadi ya chumba ni nusu saa. Kwa hiyo mgeni awe getini saa kumi kamili, na mimi humwandikia saa tisa na nusu. Kilichobaki ni saa tano na nusu hadi sita. Hapo hajala wala hajaenda msalani.

Sasa mtego mkubwa, na nausema kwa herufi kubwa: SAA YA MELI SI LAZIMA IWE SAA YETU. Shelisheli na Morisi wako saa moja mbele yetu. Meli ikitoka Mahé, Shelisheli, na nahodha asipobadilisha saa, 16:30 ya melini ni saa tisa na nusu huku kwetu, si saa kumi na nusu. Saa nzima imeyeyuka na simu ya mgeni, iliyokamata mtandao wa hapa, inaonesha saa ya hapa. Simu inamdanganya, kadi ya meli inasema kweli. Meli ikitoka Durban mambo ni kinyume, wao wako nyuma saa moja, hapo mgeni atafika mapema na kukaa. Swali la kwanza getini kabla ya "karibu Zanzibar": nioneshe saa yako ya melini sasa hivi inasema ngapi. Linganisha na yako, andika tofauti kwenye kiganja.

---

DrevaNoah

Dada Bint umesema. Naongeza moja: usimwambie mgeni "three o'clock" ukiwa umefikiria saa tatu. Wapo madereva wanatafsiri namba moja kwa moja, mgeni anangoja Darajani saa tisa na gari lilikuja saa tatu asubuhi likaondoka. Andika kwa tarakimu za saa ishirini na nne kwenye karatasi, 14:00, mpe aishike. Mdomo hauaminiki katika jambo hili.

Masafa kutoka Malindi, na muda wa gari siku ya kazi:

Mashamba ya viungo Kizimbani na Kidichi, kilomita 12 hadi 15, dakika 30 hadi 40. Msitu wa Jozani kwenye kima punju, kilomita 35, saa moja. Pingwe, kilomita 50 na ushei, saa moja na robo ukibahatika. Nungwi, karibu kilomita 60, saa moja na nusu. Kisiwa cha Mnemba usikiguse: gari mpaka Matemwe, halafu boti, halafu maji yakikataa mmekwisha.

Hiyo ni kwenda. Kurudi ongeza dakika 20 mpaka 30, kwa sababu kuanzia saa nane na nusu Mwanakwerekwe na Darajani hakupitiki. Skuli zinatoka, daladala zinapakia katikati ya barabara. Na matuta huwezi kuyaruka na wazee ndani ya gari.

Kwa mgeni wa meli ninauza viungo na Mji, au Jozani na Mji kwa haraka. Viungo na Jozani na Mji kwa pamoja ni biashara ya kumtia mtu presha.

---

Kobe_wa_Changuu

DrevaNoah umeogopa bure. Viungo, Jozani na Mji zinafanyika. Watu wanazifanya kila siku.

---

DrevaNoah

Wanazifanya na wageni wa hoteli, mkuu. Toa kalamu. Getini saa nne. Kizimbani saa nne na dakika arubaini. Viungo haviishi chini ya saa moja na robo, maana kuna kuonja matunda na kijana wa kupanda mnazi na meza ya kuuza. Saa sita kasoro tano mnaondoka. Mpaka Jozani kwa njia za ndani, saa saba kasoro. Msitu na daraja la mikoko, saa moja na nusu. Saa nane na nusu mnaanza kurudi na mnaingia kwenye foleni niliyoitaja. Mnafika mjini saa kumi kasoro, bado hamjala, na Mji Mkongwe mmeuona kwa dirishani. Kama saa ya meli iko mbele, mmeachwa.

---

Kobe_wa_Changuu

Nimekubali. Nabaki na kobe wangu.

---

Nahodha_Kusi

Haya, bahari nisemee mimi, maana humu watu wanapanga Nakupenda kama wanapanga mkahawa.

Nakupenda ni fungu la mchanga. Maji yakijaa bamvua, yaani yale makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu, halipo. Kwa hiyo siku ya meli unaangalia mwezi kabla hujaangalia kalenda. Kwetu Unguja bamvua la mwezi mwandamo na mwezi mpevu hupwa kabisa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Kila siku inayofuata maji yanachelewa dakika hamsini hivi. Ukihesabu siku saba mbele unakuta mambo yamegeuka: maji mafu, yale yasiyopanda wala kupwa sana, yanajaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi. Jedwali la maji lipo bandarini na mitandaoni, litazame, lakini kwa kichwa hesabu hiyo inakutosha kukataa au kukubali kazi.

Mgeni wa meli anafika gatini saa nne. Siku ya bamvua huo ndio wakati fungu liko wazi kubwa, kwa hiyo Nakupenda KWANZA, Changuu baadaye. Wengi wanageuza, wanaanza kobe, wanakwenda kula pweza fungu saa saba na nusu, na hapo ndipo yanapotokea ya kutokea.

Sababu ni hii. Maji hayapandi sawasawa. Gawa kujaa kote mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Bamvua letu lina karibu mita nne kati ya kupwa na kujaa. Saa ya tatu na ya nne bahari inapanda mita nzima kila saa, yaani sentimita 25 kila robo saa. Ikiwa maji yalipwa saa nne, kati ya saa sita na saa nane ndio yanapanda kwa kasi hiyo. Mgeni kalala kwenye taulo, turubai limefungwa, samaki yuko jikoni, na mchanga uliokuwa uwanja wa mpira umebaki upana wa mkeka. Hakuna anayekufa maana boti ipo, lakini mnapakia watu thelathini na majiko ya moto kwa pamoja huku mawimbi yanawapiga magotini. Simu zinaingia maji hapo, na vifundo vinateguka hapo.

Toka Nakupenda saa sita kamili. Muwe mmekula au hamjala.

---

Mtembezi_Shangani

Na Changuu?

---

Nahodha_Kusi

Changuu ni kilomita tano na kitu, nusu saa kwa boti ya mbao. Kobe wakubwa wanne wa mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, umri wa wengine umeandikwa kwa rangi kwenye magamba. Jela ilijengwa 1893 na hakufungwa humo mtu hata mmoja, ikageuzwa karantini ya homa ya manjano. Mgeni anapenda kulisikia hilo akiwa amesimama ukutani. Saa moja inatosha. Walishe majani, asikae juu ya gamba, asiweke kidole karibu na mdomo, kobe haoni tofauti ya kidole na bua la mchicha.

Maji yakiwa yamepwa boti haifiki karibu, watu wanatembea majini. Chini kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu. Viatu vya kuogelea au ndala zenye kamba, si mguu mtupu. Na upepo huongezeka mchana, hasa wakati wa kusi, kwa hiyo boti iwe imeanza kurudi saa nane.

---

Fundi_Mashine

Naona kila mtu anataja boti na hakuna aliyetaja mashine. Boti nyingi za pale zina mashine moja. Kagua haya kabla abiria hajakanyaga:

Mashine ikiwaka, tazama ule mrija mdogo wa pembeni unaotoa maji. Fundi anauliza "inakojoa?" Isipokojoa, maji ya kupoza hayapiti, na dakika chache zinatosha kuichemsha. Mara nyingi ni mfuko wa nailoni umeziba pale chini. Zima, inua mashine, toa mfuko, shusha, washa, tazama tena. Usimwache nahodha akuambie tutafika hivyo hivyo.

Mashine ikiwa inavuta na kulegea, inavuta na kulegea, kisha inazima, petroli ina maji. Dumu lilikaa wazi, au lilijazwa mvua inanyesha. Fungua chujio, mwaga, funga, pampu ile ya mpira mpaka iwe ngumu.

Ikilia kwa nguvu na boti haiendi, pini ya pangaboi imekatika, imegusa jiwe. Pini ya akiba ni kitu cha kutia mfukoni. Asiyekuwa nayo anarudi kwa kasia.

Mafuta: mashine za kuchanganya, lita 20 za petroli kwa nusu lita kasoro kidogo ya oili (0.4). Wanaotia oili kwa macho ndio wenye plagi nyeusi katikati ya mkondo. Plagi mbili za akiba na spana yake, nanga yenye kamba ya mita thelathini, jaketi okozi kwa kila kichwa na lililofungwa, si lililokaliwa. Na muende boti mbili mbili. Jaketi za watoto ulizia usiku uliotangulia, asubuhi hazipatikani.

---

Mlango_wa_Kilindini

Salamu kutoka Mombasa. Sisi meli inafunga Kilindini, abiria anashuka kwa ngazi, kwa hiyo saa ya boti hatuna. Adui wetu ni malori ya barabara kuu mtu akienda Tsavo Mashariki, geti la Bachuma ni kilomita mia hivi, na kivuko cha Likoni akienda kusini. Lakini kanuni ya kuhesabu kutoka nyuma ni ile ile. Nina swali: akiachwa kabisa mnafanyaje? Huku wengine humpeleka polisi, polisi wanamtazama.

---

Bint_Malindi

Polisi si mahali pake. Mpeleke kwa wakala wa meli. Namba ya wakala wa kila bandari imechapwa kwenye karatasi ya siku inayowekwa chumbani, kwa hiyo mwambie asubuhi aipige picha. Kwa desturi meli ikiona kadi haijarudi, wahudumu wanafungua sefu ya chumba, wanatoa pasipoti na kumwachia wakala kabla ya kung'oa. Kwa hiyo usimkimbize mgeni uwanja wa ndege, hana pasipoti, pasipoti iko kwa wakala.

Pili, tafuta bandari inayofuata. Ikiwa Dar es Salaam, feri ya kasi ni kama saa mbili tu. Ikiwa Mombasa, ndege. Ikiwa Nosy Be ya Madagaska au Mahé, akae chini anywe maji kwanza, maana ni ndege za kuunganisha na pengine viza. Gharama zote ni zake. Meli husubiri ziara iliyouzwa na meli yenyewe. Ya nje haisubiri, kwa sababu rubani wa bandari ameshapangiwa saa. Mwambieni mgeni jambo hili kabla hajalipa, hata kama linakupunguzia biashara.

---

Muuguzi_Tanga

Abiria wa meli hizi wengi ni watu wazima sana, wanatoka kwenye baridi ya kiyoyozi na kuingia kwenye joto la Februari, nyuzi 32 na unyevu juu yake. Lita moja na nusu ya maji kila mmoja kwa asubuhi, na kivuli kila baada ya dakika ishirini. Akilalamika kichwa na kichefuchefu, mkalishe, mpe maji yenye sukari na chumvi: lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyofutwa juu, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akianza kuongea ovyo na ngozi inawaka, huyo si wa juisi ya miwa tena. Mmwagie maji, mpepee, kitambaa cha maji shingoni na kwapani, gari, hospitali. Mnazi Mmoja iko karibu na mji.

Miiba ya wale wadudu: inayoonekana toa kwa kibano, isiyoonekana usiichimbe kwa sindano. Loweka mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuvumilia, nusu saa na zaidi. Dawa ya kichefuchefu cha bahari inamezwa kabla ya boti, nusu saa au saa nzima. Akiwa ameshaanza kutapika vidonge vinarudi navyo.

---

Mtembezi_Shangani

Ahsante muuguzi. Mambo madogo ya nchi kavu niyapitishe haraka. Bei ya gari ikubaliwe kwa maneno manne: gari zima, si kwa kichwa; viingilio vimo au havimo; kurudi ni mpaka geti la bandari; nusu sasa, nusu mkirudi. Papasi wa getini, yule dalali wa watalii, anataja dola kwa kichwa na mgeni anasikia dola kwa gari, ugomvi unaanza saa tisa wakati hakuna muda wa kugombana. Muulizeni muongozaji kitambulisho chake cha Kamisheni ya Utalii. Ijumaa, kuanzia saa sita na nusu hadi saa saba na nusu, maduka mengi yamefungwa na vichochoro vya misikitini vimejaa, mpange mlo hapo. Mabega na magoti yafunikwe. Jozani, kaa mita tatu na kima, mafua yetu yanawapata. Wakionekana wanatafuna mkaa jikoni kwa watu msishangae, wanayala kwa ajili ya sumu ya majani ya mwembe na mkungu.

---

Mgeni_Rasmi

Wakuu, swali la kazi. Nina watu kumi na wawili, mmoja yuko kwenye kiti cha magurudumu. Mwezi utakuwa siku ya 22. Meli inatoka Mahé, inatia nanga, 17:00 inaondoka. Wanataka Nakupenda.

---

Nahodha_Kusi

Siku ya 22 ni maji mafu, yanajaa karibu saa nne kasoro asubuhi, yanapwa karibu saa kumi. Wakati wenu wa asubuhi fungu litakuwa jembamba kama lipo. Nakupenda kataa. Changuu inafaa, maji yakiwa juu boti inasogea karibu na watu hawatembei sana majini.

---

Bint_Malindi

Na wanatoka Mahé, shekhe, tazama saa. Wakiwa hawajabadilisha, 17:00 yao ni saa kumi jioni yetu. Boti ya mwisho 16:30, saa tisa na nusu yetu. Getini saa tisa kamili. Kiti cha magurudumu: uliza meli KESHO ASUBUHI kama wanaruhusu kukishusha kwa boti, maana wimbi likiwepo ofisa wa pale mlangoni anakataa na hakuna wa kumbishia. Wakiruhusu, mwenye kiti asipelekwe Changuu. Gari la chini, Kidichi kwenye hamamu ya 1850, shamba lenye njia pana, na Forodhani palipo sawa. Vichochoro vya Hurumzi vina vidaraja na mifereji, kiti kitabebwa zaidi ya kusukumwa.

---

DrevaNoah

Gari la Alphard lina mlango wa kusukuma na ngazi fupi, kiti kinakunjwa nyuma. Nikijua saa ya meli usiku huu nitaandika 14:30 kwenye karatasi zote mbili, ya boti na ya gari, wakutane Forodhani kwa juisi. Kutoka pale mpaka geti ni dakika kumi kwa miguu, hata Darajani kukifunga.

---

Mgeni_Rasmi

Wamejibu kutoka melini: saa yao ni ya Mahé, hawabadilishi.

---

DrevaNoah

Basi 14:30 yetu, na chini yake andika 15:30 ya meli. Kwa kalamu ya wino, si penseli.